Taifa Moja, Utumbo Mmoja

Si zamani, na si mbali kama mtakavyopenda kudhani, palikuwa na nchi yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba ile ya ziada ilitunzwa kambini chini ya ulinzi. Jina lake tuliache. Wananchi wenyewe hulitaja wakiwa wamesimama, na wewe msomaji huenda umekaa.

Asubuhi moja ya Jumatatu, katika Maabara Kuu ya nchi hiyo, Sikudhani binti Mshamu alipima duara la sitini na nne kwa rula ya plastiki, akaandika daftarini: milimita ishirini na mbili. Akapandisha macho juu ya ukurasa. Wilaya sitini na tatu zilizotangulia nazo zilikuwa milimita ishirini na mbili. Hakushtuka. Katika miaka kumi na moja ya utumishi alikuwa amesahau namna ya kushtuka. Aliirudisha rula mfukoni akaenda kunywa chai.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza, ingawa watu hawakupenda aieleze wakati wa kula. Kila wilaya ilileta maabara kikopo cha kinyesi. Sikudhani aliwatoa humo bakteria wa utumboni, akawapaka kwenye sahani ya kioo yenye chakula chao, akaweka katikati kidonge cha karatasi kilicholoweshwa Dawa Namba Moja, ile ambayo kila mgonjwa huanziwa. Kama dawa bado ina nguvu, kesho yake bakteria wanakuwa wamekufa kukizunguka kidonge na kuacha duara safi. Kama wameizoea, hakuna duara. Wanaota hadi ukingoni mwa kidonge, kama majani yanavyoota hadi mlangoni mwa nyumba iliyohamwa. Hali hiyo ndiyo iitwayo usugu. Serikali ilitaka kujua usugu uko wapi, ili daktari asimchome mgonjwa sindano ya bure. Kazi hiyo yote iliitwa Ufuatiliaji, na ilikuwa na wimbo wake.

Jumatatu hiyo hiyo mama yake, Bi Kidawa, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa na siku ya tatu katika wodi namba nane ya hospitali ya jiji. Homa ilikuwa haishuki. Sikudhani alikwenda kumwona saa saba mchana.

"Umekula?" mama akauliza. Ndivyo akina mama wanavyouliza hata pale ambapo wagonjwa ni wao.

"Nimekula, mama. Homa vipi?"

"Ipo. Wamenichoma sindano tatu, sijui zinakwenda wapi. Na kazini kwenu?"

Kwa kuwa hapakuwa na la kuongea zaidi ya homa, Sikudhani alimsimulia habari za maduara. Bi Kidawa akafumba macho. Alikuwa amerudi darasani, mbele ya watoto hamsini wanaokwepa kumtazama.

"Wote sitini na nne wana jibu moja?"

"Jibu moja, mama."

"Basi usihangaike na jibu. Mtafute aliyenakiliwa."

*

Aliyenakiliwa hakuwa mgumu kupatikana. Dereva wa Maabara, Mkomwa, alisema yote akiwa amelala chini ya gari, maana mahali pale palikuwa na uhuru wa maoni.

Katika nchi ile, mkaguzi hapokelewi hivihivi. Shule zikisikia mkaguzi anakuja, huazima madawati kwa shule ya jirani. Zahanati huazima wagonjwa wenye afya. Hospitali zote za mkoa zilikuwa na mablanketi mazuri arobaini kwa jumla, yakisafiri kwa njia ya mkato mbele ya gari la mkaguzi, yanatandikwa huku na kutandikwa kule. Mkaguzi mmoja mzee alizoea kabisa blanketi moja lililoungua kwa pasi pembeni. Kila alipofika alilitafuta kwa macho, na akiliona alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Hakuna aliyeona ubaya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hawakuwahi kukaguliwa.

Ufuatiliaji ulipoanza, Wizara ya Afya na Taswira ilitangaza kwamba wilaya zitapangwa kwa ubora wa utumbo, na ya kwanza itapewa kombe. Wilaya ya Mabondeni, kwa ushamba, ikapeleka kinyesi chake yenyewe. Sahani haikuwa na duara hata la kuwekea shilingi. Wiki hiyo hiyo Mkuu wa Wilaya alihamishwa, akapelekwa kuongoza wilaya ambayo ilikuwa haijaanzishwa.

Kombe lilichukuliwa na Wilaya ya Ukingoni, iliyopeleka kikopo cha mfuga nyuki mmoja, Mzee Mbaruku. Mzee huyo alikuwa hajawahi kumeza dawa ya hospitali maishani mwake. Haikuwa kwa kupenda. Zahanati ya kijijini kwake ilikuwa imezinduliwa na mawaziri watatu kwa nyakati tofauti, utepe uleule ukifungwa upya na kukatwa, lakini dawa hazikufika. Kwa hiyo bakteria wake walikuwa hawajui dawa ni kitu gani. Ukiwaonyesha, wanakufa kwa mshangao.

"Sasa, dada Siku," Mkomwa akasema chini ya gari, "wilaya moja ikishinda, hizo nyingine zitafanya nini? Si zitaenda kuazima kwa aliyeshinda? Mimi nazunguka na vikopo vitupu, nikifika kwa mzee navijaza vyote. Siku nyingine inabidi nilale huko nisubiri."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema mgeni haondoki mikono mitupu. Tena ananipa na asali. Ila usinitaje, dada. Nina watoto."

*

Mkurugenzi wa Maabara Kuu, Daktari Kilindo, alikuwa na shahada nne, mojawapo ya kweli. Sikudhani alimwekea daftari mezani.

"Mzee, zote sitini na nne zinalingana. Haiwezekani. Hata watu wa nyumba moja hawalingani utumbo."

Kilindo akavua miwani. Akaivaa. Macho yakamjaa machozi, na Sikudhani akadhani, kwa kitambo kidogo, kwamba ameelewa.

"Unaniambia," Kilindo akasema taratibu, "kwamba kutoka kaskazini hadi kusini, mkulima na mfanyakazi, mwenye dini hii na mwenye dini ile, ndani kabisa, kule ambako hakuna anayewaona, wako sawa?"

"Nakwambia ni kinyesi cha mtu mmoja."

"Mtu mmoja!" Kilindo akasimama. "Miaka arobaini tumeutafuta umoja huu, binti yangu. Tumeutafuta kwa sare, kwa gwaride, kwa ngonjera. Kumbe ulikuwa tumboni."

Alisukuma taarifa mbele yake. Usugu kitaifa: sifuri. Palihitajika saini mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mpimaji. Sikudhani aliitazama kalamu. Aliwaza kwamba akikataa atasaini mwingine, na kwamba gari la kwenda hospitali linaondoka saa saba kamili, na kwamba amechoka. Akasaini. Si kwamba alilazimishwa. Hata kiti alipewa.

Jumatano Waziri alihutubia taifa. Alisema nchi nyingine zina umoja wa maneno, ilhali sisi tuna umoja uliothibitishwa kwa rula. Alisema kuanzia siku hiyo kaulimbiu ni Taifa Moja, Utumbo Mmoja, na wananchi wakaitikia. Kisha akatangaza mambo matatu. Kila wilaya ingeleta kikopo cha pili, kipimwe upya kwa heshima na kuwekwa Makumbusho ya Taifa. Methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua ingeondolewa kwenye vitabu vya shule, kwa kuwa ilibeba takwimu zisizothibitishwa. Na kwa vile usugu haupo, Dawa Namba Tatu, ambayo kazi yake ni kutibu wasiopona kwa Namba Moja na Namba Mbili, ingefungiwa Bohari Kuu. Daktari ambaye angeitaka angepaswa kuleta Hati ya Uwepo wa Usugu kutoka Maabara Kuu, ikionyesha kwamba wilaya ya mgonjwa ina usugu. Fomu ya hati hiyo haikuwa imechapishwa. Kuichapisha kungekuwa kukiri.

Bi Kidawa alisikiliza hotuba kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Wamesahihisha mtihani kwa kutumia karatasi ya aliyeibia," akasema, akageukia ukutani.

*

Siku ya sita ya kulazwa kwa mama, Daktari Nyangasa, aliyekuwa zamu wodi namba nane, alimvuta Sikudhani kando ya sinki na kufungulia maji ili yapige kelele.

"Dada, Namba Moja imegoma. Namba Mbili imegoma. Nadhani bakteria wa utumboni wameingia kwenye damu. Lakini siwezi kuandika imegoma; mwenzangu aliandika hivyo juzi, sasa anafanya kazi ya kuhesabu vitanda. Naweza kuandika tu kwamba mgonjwa anachelewa kupona."

"Nipe damu yake kidogo."

Alimpa, kwenye kichupa kilichofichwa ndani ya soksi. Sikudhani akaipeleka maabara akaifanyia alivyowafanyia watu wote. Jumatatu akafungua kabati la joto, wanamooteshewa bakteria. Namba Moja, hakuna duara. Namba Mbili, hakuna duara. Namba Tatu, duara pana, safi, milimita ishirini na nane. Alilipima mara mbili. Alimpenda mama yake, na hili lisemwe wazi hapa, kwa sababu kwenye fomu zote zilizofuata halikuwa na nafasi yake.

Alipeleka sahani kwa Kilindo.

"Ni mama yangu, Mzee. Namba Tatu itamponya. Niandikie hati."

Kilindo aliitazama sahani kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama pia, aliyekuwa akitibiwa nje.

"Sikudhani, pole sana. Lakini hii si sampuli ya wilaya. Haikuja kwa kikopo, haina muhuri, haikusindikizwa na wimbo. Hii ni maoni ya mtu binafsi."

"Ni damu."

"Ndiyo. Damu ina jazba. Hati inataka wilaya. Mama yako anakaa Mjini Kati, na Mjini Kati ina milimita ishirini na mbili. Nani alipima?"

Sikudhani aliifunika sahani.

"Nani alisaini?"

Alirudi kwenye meza yake. Vikopo vya pili, vile vya Makumbusho, vilikuwa vimewasili asubuhi hiyo na vilikuwa vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na bendera ndogo. Alikaa akivitazama kwa muda ambao hakuupima. Halafu akachukua kikopo cha Mjini Kati, akakimwaga chooni kama kilivyostahili, na kwenye sahani ya wilaya hiyo akawapaka bakteria wa mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu Ufuatiliaji uanze, sampuli ilikuwa ya udanganyifu na matokeo yakawa ya kweli.

*

Jumanne aliandika daftarini: Mjini Kati, milimita sifuri. Akapigia mstari chini.

Serikali ilishughulika. Mkuu wa Wilaya ya Mjini Kati alizimia ofisini, akazinduka, akazimia tena mbele ya waandishi wa habari. Iliundwa Kamati ya Kurejesha Utumbo. Wakazi walishauriwa wasiende haja bila sababu. Lakini sheria ilikuwa sheria, na Kilindo, ambaye aliogopa sheria kuliko alivyoogopa ukweli, aliagiza Kiwanda cha Uchapaji kichape fomu moja ya Hati ya Uwepo wa Usugu. Jumatano walichapa, wakakosea bendera. Alhamisi wakachapa upya. Wakati huohuo, kwa amri ya Kamati, Mkomwa alitumwa Ukingoni kwa mwendo wa kasi, na kikopo kitupu kwenye kiti cha mbele, kimefungwa mkanda.

Ijumaa saa mbili asubuhi Sikudhani aliipokea hati ikiwa na mihuri yote. Alitembea nayo hadi Bohari Kuu, ameishika kwa mikono miwili. Mtunza bohari aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaisifu karatasi yake, akamrudishia.

"Imekamilika, dada. Kabati lina funguo tatu. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao bwana aliye likizo, lakini anakuja, yuko njiani. Wa tatu uko na Kilindo, nimeshampigia. Kaa hapo."

Akakaa. Saa tatu. Saa nne. Bwana wa likizo alifika saa tano na nusu, amevaa kanzu na kandambili, akaomba radhi kwa foleni. Akabaki Kilindo tu wa kusubiriwa.

Kilindo alikuja mwenyewe saa sita na robo, anatabasamu, ufunguo mkononi na karatasi mkononi.

"Sikudhani, furahi! Mjini Kati imerejea. Ishirini na mbili kamili. Kamati imepima yenyewe."

"Naomba ufunguo, Mzee."

"Hati inasema wilaya yenye usugu. Wilaya haina usugu tangu saa sita kamili." Aliitoa hati mikononi mwa Sikudhani taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Kama kabati lingefunguliwa kabla ya saa sita, nisingekuwa na kinywa. Lakini sasa nikikupa, nitakuwa nimetoa dawa kwa ugonjwa usiokuwepo. Ni wizi huo. Nawe unanijua, mimi si mwizi."

Bwana wa likizo alitazama kandambili zake. Mtunza bohari akasema, "Pole, dada," akarudisha ufunguo wake kwenye msumari.

Sikudhani alisimama. Alitaka kupiga kelele, na kelele aliiona kabisa, iko kifuani imekaa, lakini haikuinuka. Alikwenda hospitali kwa miguu.

Wodi namba nane ilikuwa safi kuliko siku zote, kwani asubuhi hiyo kulikuwa na ukaguzi. Muuguzi alimweleza kwamba mama yake alipendeza sana. Walimfunika lile blanketi zuri lililoungua pembeni, na mkaguzi alisimama kando ya kitanda chake muda mrefu, akalishika. Saa sita blanketi likachukuliwa, maana lilitakiwa wilaya ya jirani saa nane.

Bi Kidawa alikuwa anatetemeka. Sikudhani alivua mtandio wake akamfunika.

"Umempata?" mama akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nani, mama?"

"Aliyenakiliwa."

"Nimempata. Ni mzee mmoja tu, hana kosa. Hakunyimwa chochote ila dawa."

"Na aliyesahihisha?"

Sikudhani alimshika mkono, uliokuwa wa moto kuliko kikombe cha chai.

"Mimi, mama," akasema.

Bi Kidawa alimtazama kitambo, kama alivyokuwa akiwatazama wale watoto waliokiri wenyewe, ambao hakuwachapa kamwe. Alifariki saa tisa alasiri.

*

Cheti cha kifo kilieleza sababu kuwa ni mgonjwa kushindwa kuipokea dawa. Kwenye mazishi Kilindo alitoa salamu za rambirambi za Wizara. Alisema kwamba pengo lake halizibiki, na kwamba wafiwa wajifariji, kwani kwa mujibu wa takwimu marehemu alikuwa amepona. Watu walisema amina. Ukweli ni kwamba alisema kwa hisia.

Mkomwa alikuja amechelewa, na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi.

"Imetoka kwa Mzee Mbaruku," akasema. "Amesikia umefiwa. Hajui mambo haya yote, dada. Kasema tu kwamba kama kuna kosa lolote alilofanya kwa kutoa, asamehewe. Yeye aliombwa."

Hapo ndipo Sikudhani alipolia, kwa muda mfupi, amesimama na chupa mkononi, watu wengine wakiwa wanagombea sahani za wali. Kisha ganzi ikarudi mahali pake, akaishukuru.

Wiki iliyofuata lilikuja agizo kwamba sahani zote zisizo rasmi ziharibiwe. Sikudhani aliandika "zimeharibiwa" akasaini. Saini ilikuwa imeshazoea. Baada ya hapo akachukua waya mwembamba, akaupitisha kwenye moto, akaugusisha kwenye sahani ya mama yake na kuwahamishia bakteria kwenye sahani mpya yenye chakula kipya. Wasipohamishwa hufa. Chini ya sahani aliandika kwa penseli herufi moja, K, akaiweka kabati la joto, nyuma ya zile sitini na nne.

Huwahamisha kila Jumatatu. Huwawekea kidonge cha Dawa Namba Moja, ileile ya taifa, na Jumanne huja kutazama. Mara moja, kabla hajaamka vizuri, alifungua kabati akajisikia amesema, "Shikamoo, mama." Akasubiri kidogo, kwa heshima. Walikuwa wameota vizuri, pande zote, hadi ukingoni mwa kidonge. Akatoa rula akapima alivyofundishwa. Akaandika sifuri kwenye kiganja chake, maana daftarini hairuhusiwi, kisha akaenda kunawa mikono, kama kanuni za maabara zinavyotaka.